Paji la Uso, Taya, na Picha za Wanjiru Wawili

Nyinyi vijana mnaobonyeza kitufe na picha ya kichwa inajitokeza kwenye kompyuta kabla mgonjwa hajashuka kitini, hebu kaeni hapa niwachokoze kidogo. Najua nikiwapa kisogo mnaniita Mama Eksirei, na mkiniona uso kwa uso mnaniita auntie. Yote ni mamoja. Nimestaafu kazi, sijastaafu masikio.

Nilipiga picha za eksirei katika kliniki ndogo ya meno huku Eastlands, miaka ya tisini, upande wa Industrial Area. Kupiga picha hata wewe utajifunza kwa muda mfupi. Kazi yenyewe ni kushuku. Viwanda vikiwasha mashine asubuhi, stima yetu ilipungua nguvu na picha ikatoka hafifu kama uji wa mwisho wa mwezi. Mifereji ikikauka, chumba cha giza kilitegemea maji ya mitungi, na filamu isiyosuuzwa vizuri hugeuka manjano ikaonyesha ugonjwa ambao mwenye kichwa hana. Kwa hivyo picha ikitoka, mimi nilianza kwa kuitazama kwa jicho la mwenye duka aliyepewa noti mpya mno.

Aliyenifundisha tabia hii ni Mzee Makokha, mtu wa Bungoma, mfupi, mwenye sauti ya mhubiri. Siku moja, nikiwa bado mgeni kazini, nilimpiga picha msichana wa kwaya, na filamu ilipotoka nikaona kijiti cheupe kimelala katikati ya fuvu. Nilishaanza kumwombea yule mtoto kimoyomoyo. Mzee Makokha akaitazama filamu, akamtazama msichana, akainua kilemba chake cha kwaya na kuchomoa kibanio cha nywele.

"Mwombe Mungu akupe macho kwanza," akaniambia. "Yeye hajambo."

Tangu siku hiyo nilikagua vichwa kuliko askari wa langoni: vibanio, shanga, hereni, nyuzi za kusukia. Wazazi walinuna. Niliwaacha wanune.

Jambo la pili alilonifundisha linahusu taya, nanyi lishikeni maana kompyuta haitawasaidia. Picha ya ubavu wa kichwa, ile ambayo mtoto anasimama kwenye mashine na vijiti viwili vinamshika masikioni, inataka meno yafungwe kikawaida. Sasa mwambie mtoto wa Eastlands, "Uma meno," uone. Atauma kama anayepigwa picha ya shule, kidevu mbele, shingo imekakamaa. Taya la chini litatangulia la juu hata kama nyumbani linakaa mahali pake. Daktari akiona filamu hiyo atasema mtoto ana shida. Usimwambie aume. Mwambie ameze mate, apeleke ulimi juu kabisa nyuma ya kinywa, halafu afunge meno polepole. Ulimi ukienda nyuma, taya huufuata. Ukimwona anacheka kwa sababu ya vile vijiti vya masikioni, subiri amalize. Mtoto anayezuia kicheko hana taya moja, ana mataya kumi.

Basi, katikati ya miaka hiyo akaja daktari mpya wa meno, Daktari Akoth, mwanamke mdogo kwangu kwa umri, mwepesi wa miguu, mwenye mazoea ya kuchora kwenye karatasi yoyote aliyoikuta. Alishughulikia watoto wanaokaribia kubalehe, hasa wale ambao meno ya chini yanapita mbele ya meno ya juu. Siku moja akaniambia, "Mama, kuanzia leo nipigie picha ionyeshe vizuri na paji la uso. Nataka kuona sainasi."

Sainasi hiyo ni uwazi wenye hewa ndani ya mfupa wa paji, hapo juu ya nyusi. Nikamuuliza, "Daktari, mtoto anaumwa taya. Paji linaingiaje?"

Akachora. Akasema mtoto anapokua, ukuta wa nje wa paji husogea mbele pamoja na uso, na ukuta wa ndani hubaki nyuma na ubongo ambao umekwisha kukua. Kati yao pengo linapanuka na kujaa hewa. Na taya la chini hurefuka msimu huohuo. Kwa hivyo wako wataalamu wanaosema kwamba mtoto mwenye sainasi kubwa mara nyingi ndiye mwenye taya la chini refu, linalopenda kuendelea kutangulia.

"Yaani paji la uso ni jirani anayechungulia mambo ya taya?" nikasema.

"Dalili ya mvua ni mawingu, mama."

"Huku Eastlands tumeona mawingu mengi na mifereji ikabaki mikavu."

Akacheka, lakini sikuwa natania. Nililishuku lile wazo na sikuacha kulishuku. Kwanza, mtoto akisimama mbali kidogo na filamu, kila kitu kichwani huonekana kikubwa, sainasi ikiwemo. Pili, wapo watu wenye mapaji yenye uwazi mkubwa na meno yamekaa sawasawa. Daktari Akoth mwenyewe alikiri kwamba si hukumu, ni kidokezo cha kuongezwa kwenye vipimo vingine vya taya na meno. Kwa miaka niliyofanya naye kazi, kidokezo hicho kilisema kweli mara nyingi, na mara nyingine kilituchezea shere. Hilo ndilo ninalowaambia kuhusu sayansi yake, na msinitafutie jibu la mkato.

Sasa niwaambie kuhusu wale wasichana.

Mnajua desturi ya Wakikuyu ya majina. Binti wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa baba yake. Basi mama mmoja wa Kariobangi, jina lake Tabitha Wanjiru, alikuwa na wana wawili. Kila mmoja alipopata binti wa kwanza, akamwita Tabitha Wanjiru, na wote wakatumia jina la babu, Mwangi, kuwa la mwisho. Kwa hivyo walikuwa na wasichana wawili wa darasa la saba wenye majina yaleyale matatu, na wote wawili wamerithi taya la nyanya yao. Wa Kariobangi walimwita Ciru. Wa Umoja walimwita Tabi. Wakaletwa kliniki siku moja na mama zao, wake wa ndugu wawili, na nilipoona wale wanawake wamekaa benchi moja huku wakiacha nafasi ya mtu wa tatu katikati yao, nikajua kuna neno.

Ciru ndiye aliyekuwa na taya lililotokeza zaidi. Wavulana wa shuleni walimwita Droo, kama ile ya meza iliyovutwa nje. Alikuwa amevuta mkono wa sweta mpaka kwenye kinywa, na alipotaka kusema aliusogeza kidogo tu. Tabi alijibu maswali yote, hata yale niliyomuuliza Ciru.

Daktari Akoth akawaeleza mama zao mpango wake, wasichana wakiwa hapohapo. Nilimkonyeza anyamaze lakini hakuniona. Akachora kichwa, akachora uwazi wa paji. Akasema kama vipimo na sainasi vitaonyesha taya ambalo bado lina safari ndefu, mtoto huyo atangoja mpaka akomae, kisha pengine apasuliwe, kwa sababu kumwekea waya sasa ni kumsumbua bure. Kama vitaonyesha taya lililotulia, kazi ianze mara moja kwa kibao cha kupanua meno ya juu, kwa maana nafasi hiyo ni mlango, hufungwa mtoto akimaliza kukua. Usipoziba ufa utajenga ukuta, akawaambia. Kisha akaondoka kwenda kwenye kliniki yake nyingine.

Kosa la kwanza liko hapo, vijana. Usimwambie mgonjwa jibu gani ni tamu kabla hujamfanyia kipimo.

Nikapiga picha. Kliniki yetu ilitia alama kwa herufi za madini ya risasi, herufi za kwanza za majina na tarehe. Filamu mbili zikatoka zimeandikwa sawasawa. Niliandika "Kariobangi" kwenye bahasha moja na "Umoja" kwenye nyingine, nikatia kila filamu ndani ya bahasha yake nikiwa nimeishika mwenyewe. Siku hizo mgonjwa alichukua filamu yake nyumbani akairudisha siku ya daktari. Mama Ciru, aliyekuwa akiuza mboga sokoni Kariobangi, akanivuta kando mlangoni.

"Mathe, ya msichana wangu ni kubwa ama ni ndogo?"

"Ngoja daktari."

"Niambie tu mimi. Sitasema."

"Mama, ngoja daktari."

Alinitazama kwa hasira. Uso ule nikauweka akilini.

Jumapili ikapita, familia zote mbili zikila kwa nyanya, shosho wao. Siku ya daktari wakarudi na bahasha zao. Daktari Akoth akaziweka filamu kwenye sanduku la taa, akapima, akachora, akasema: Ciru aanze matibabu sasa, Tabi angoje. Mama Ciru akapiga makofi, akasema Bwana asifiwe. Mama Tabi akaokota mkoba wake. Tabi alikuwa akitabasamu, na nikashangaa mtoto huyu ana nini cha kutabasamia. Ciru alishusha mkono wa sweta kwa mara ya kwanza nikauona mdomo wake wote. Alikuwa msichana mzuri.

Walipotoka, daktari akafunga mlango.

"Mama, ulimwambia Tabi aume vipi?"

"Ameze mate, ulimi juu, afunge polepole. Kama wote."

"Kwa nini basi kinywani taya lake limetangulia kidogo tu, na kwenye filamu limetangulia sana? Na Ciru ni kinyume. Nimewapa majibu kwa kuamini filamu, lakini moyo haujatulia. Nadhani umemwacha mtoto akasukuma taya."

Nilikasirika, sitaficha. Kunishuku mimi kuhusu kuuma meno ni kumwambia mpika chapati kwamba hajui maji na unga. Nami nikamwambia kwamba labda shida ni huo uganga wake wa paji la uso. Tukanuniana mpaka chai ya saa nne. Baada ya chai akasema turudie picha ya Ciru kabla hajamwekea kibao. Mimi sipendi kurudia picha kwa mtoto, mionzi si chai, lakini hapo nilikubali haraka, nipate kumwonyesha.

Ciru akaletwa. Nikamvalisha aproni ya risasi, nikamwekea vijiti masikioni, akameza mate kama nilivyomfundisha. Daktari alikuwa amesimama nyuma yangu akinichunga kama mwalimu wa mtihani. Tukaingia wote chumba cha giza. Filamu ilipotoka kwenye maji tukaipeleka kwenye taa ikidondosha maji, tukaiweka kando ya ile iliyotoka kwenye bahasha ya Kariobangi. Hakuna aliyehitaji rula. Kwenye filamu mpya uwazi wa paji ulikuwa mfuko mpana. Kwenye ile ya zamani ulikuwa mwembamba kama ganda la kunde. Paji la uso halina haja ya kutabiri taya ili likufae. Hakuna watu wawili wenye sainasi ya umbo moja, na iliyokwisha kupanuka hainywei ndani ya wiki mbili.

"Hizi ni vichwa viwili," daktari akasema.

"Zimebadilishwa," nikasema mimi, na papo hapo nikamwona Mama Ciru akinivuta kando mlangoni.

Tukaita familia zote mbili. Daktari akaeleza taratibu: filamu ziliingia bahasha zisizo zake, Tabi ndiye wa kuanza, Ciru ndiye wa kungoja. Hakumlaumu mtu. Hakuhitaji, kwa sababu Mama Tabi alikuwa tayari amesimama.

"Nilijua! Jumapili kwa shosho, nani alizirudisha kwa bahasha? Si ni wewe?"

"Mimi?" Mama Ciru akasimama pia. "Mimi nilikuwa jikoni nageuza chapati zenu! Nyinyi ndio mlikuwa dirishani mnaonyesha wageni kichwa ya mtoto kama picha ya harusi!"

"Uliuliza hapa hapa kliniki kama ya msichana wako ni kubwa. Tabi alikusikia."

"Kuuliza ni kuiba?"

"Mtoto wangu angekosa matibabu! Angemaliza kukua hivyo! Ungemwambia nini?"

Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa najiambia, nikiwa nimekunja mikono. Nilimshuku Mama Ciru kwa moyo wangu wote. Nilikuwa nimeshamfungulia kesi kichwani, nikamhukumu. Kisha nikamwona Tabi. Alikuwa ameacha kutabasamu.

"Ni mimi," akasema.

Hakuna aliyemsikia. Akasema tena kwa sauti ya kiwanjani.

"Mama, ni mimi! Nilizishika zote kwa dirisha. Nikaona yangu ndio iko na shimo ndogo. Nikampea Ciru yangu."

Mama yake akakaa chini. "Ukampea? Kwa nini?"

"Alisema haendi sekondari na hii mdomo. Alisema afadhali akae sokoni. Mimi hawanichekangi sana." Akafikiri. "Halafu jina ni moja. Si sisi wote ni shosho? Nilidhani mashini haitajua."

Nimesikia mengi katika kazi hii, lakini hapo nilitafuta mahali pa kutazama nikakosa. Mtoto alidhani picha ni zawadi, kwamba ukimpa mwenzio filamu yako umempa na taya lako. Na mimi niliyeshuku stima, maji, vibanio, madaktari na wauza mboga, sikuwa nimepata hata siku moja kumshuku mtu kwamba ametoa kilicho chake. Nilimwonea haya Mama Ciru, nikashindwa kumtazama.

Ciru hakulia. Alimgeukia binamu yake, na mkono wa sweta ulikuwa umerudi kinywani.

"Nani alikwambia nataka mdomo wako?"

"Nilitaka tu..."

"Sasa wote wamejua mimi ndio mbaya. Asante sana."

Tabi akaanza kulia yeye. Akasema kama hakitamfaa Ciru, hata yeye hakitaki hicho kibao. Daktari akambembeleza. Mama yake akamtisha, kisha akambembeleza, kisha akamtisha tena. Mama Ciru, mwanamke aliyetoka kuitwa mwizi sasa hivi, akapiga magoti mbele yake akamwambia, "Mtoto wangu, panda kwa kiti. Usinifanyie hivi." Tabi akashika mlango. Mtoto wa umri ule akikataa kufungua kinywa, hakuna daktari atakayekifungua, na sote mle ndani tulijua mlango aliozungumzia Daktari Akoth hautamngoja amalize kununa.

Ciru ndiye aliyesogea. Alimtoa Tabi mkono kwenye mlango, kidole kimoja kimoja, kwa ukali kabisa.

"Panda. Ukikataa nitaambia shosho umekataa kutengenezwa na uko na jina yake."

"Na wewe je?"

"Daktari amesema ningoje. Nitangoja."

Tabi akapanda. Daktari Akoth akashusha taa, akavaa glavu, akamwambia afungue kinywa, akaanza kumpima meno ya juu. Mama Tabi alikuwa amebaki kwenye benchi akiwa ameinamisha kichwa. Baada ya muda akasogea mpaka ile nafasi ya mtu wa tatu ikaisha, na Mama Ciru hakuondoka.

Ciru alibaki amesimama katikati ya chumba, hajui aende upande gani. Akanitazama mimi.

"Auntie, nitangoja wapi?"

Miaka ile ya kungoja ningempunguzia kwa maneno gani? Tabi hakuweza kusema, vyuma vilikuwa kinywani. Alijisogeza ukingoni mwa kiti, akapigapiga ngozi kwa kiganja hapo alipopaacha wazi. Ciru akaenda akakaa. Kiti kile kilitengenezwa kwa mtu mmoja, na Daktari Akoth, ambaye hakuruhusu hata mama mzazi kukigusa akiwa kazini, akasogeza taa kidogo ili isimpige Ciru machoni, akaendelea na kazi.